Ubao wa Kipupwe kwa Mama Kadzo

Siku ya tatu ya matanga ya Bwana Salim, bintiye mkubwa alipita katika chumba tulimokaa wanawake, akatupa mkono mmoja mmoja, na kila alipofika kwa mtu alisema, "Mumuwie radhi baba." Kila mtu alijibu kwamba amemuwia radhi, na zamu yangu ilipofika nami nikajibu vivyo hivyo, kwa sababu si adabu kuanzisha hoja juu ya mkeka wa msiba. Lakini nilikuwa nimesema uongo, na kwa umri nilio nao sasa sina haja tena ya kubeba uongo wa adabu. Nikiwa bado nautafuna moyoni, mjukuu wa marehemu akaanza kutusomea simu yake. Dada yake yuko masomoni katika nchi ya baridi, hakuweza kuja kuzika, na alikuwa ametuma ujumbe kwa jamaa wote: theluji imeanza kuanguka, siku zimekuwa fupi, ana huzuni, basi kila mtu ampendekezee wimbo wa kusikiliza, kitabu cha kusoma, picha ya kutazama na chakula cha kupika, ili auvuke msimu. Wanawake wakausahau msiba kidogo. Huyu akataja taarabu, yule akasema apike uji wa pilipili manga, mwingine akabisha kwamba pilipili manga ya huko haina nguvu. Mimi nilinyamaza. Kupendekeza kitabu ndiko kulikonitoa kazini nikiwa na miaka ishirini, na aliyenitoa ndiye huyo tuliyekuwa tumekaa matanga yake.

Nilikotoka na kwa nini nilitoka sitasimulia. Kila anayeandika maisha yake huanza na babu yake, na mimi sikumbuki siku ambayo babu yangu alinisaidia kupiga pasi. Itoshe kwamba mimi ni Mkamba, jina langu Mwikali, na kwamba mwaka wa themanini na tano nilikuwa nafanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya watalii pale Malindi, na naishi mtaa wa Kisumu Ndogo katika chumba cha udongo ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa na unyevu tangu masika mpaka vuli. Wageni waliondoka baada ya Pasaka, kama kila mwaka. Kusi ilianza kuvuma, mwani ukajaa ufukweni na kunuka, maji ya mto Sabaki yakaipaka bahari rangi ya chai, na hakuna Mzungu anayelipa nauli ya ndege kuja kuoga chai. Hoteli ilifungwa. Wafanyakazi wengi walirudishwa makwao mpaka waitwe, tukabakishwa sita tu wa kufungua madirisha, kuanika magodoro na kupiga pasi mashuka yasiote ukungu. Nilibakishwa kwa sababu nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya, maana wakati ule hakuna aliyeniambia.

Watu wa bara hucheka wakisikia kwamba pwani kuna baridi. Waje mwezi wa saba, alfajiri, walale kwenye kitanda cha kamba chini ya paa la makuti linalovuja. Kipupwe kiliingia mifupani, na cha kukipunguza kilikuwa kimoja tu, kwenda kwa Mama Kadzo. Huyu alikuwa mwanamke wa Kigiriama kutoka Marafa, mnene wa mikono na mwembamba wa subira, na mkahawa wake ulikuwa benchi nne, mafiga matatu na ukuta mmoja wa mbao. Juu ya ukuta huo paligongomewa ubao mweusi mrefu, ambao mwalimu mmoja alimwachia alipohamishwa. Mama Kadzo hakujua kusoma. Wateja ndio waliomwandikia vyakula vya siku, naye alivikariri kwa mahali vilipo, wali juu kushoto, kimanga chini yake, mahamri pembeni. Msimu wa wageni ubao ulijaa. Kipupwe vyakula vilipungua, nusu ya ubao ikabaki tupu, na Mama Kadzo hakupenda kitu kikae bure.

Aliyeanza alikuwa Karisa, mtunza bustani wa hoteli yetu, kijana wa Kigiriama aliyependa kanda za muziki kuliko mkate. Asubuhi moja ya mvua aliandika kwenye nusu ile tupu kwamba mtu akitaka kuistahimili wiki hii asikilize kanda fulani ya taarabu, upande wa pili, tena ausikilize mvua ikiwa inanyesha juu ya bati na si kabla. Mama Kadzo akauliza ni chakula gani hicho. Alipoelezwa alifikiri, akasema hewala, lakini akaweka sharti ambalo nimelishika maisha yangu yote. Kulikuwa na mteja mmoja, dereva, aliyewahi kumsifia mchuzi wake mbele ya watu na kuuacha nusu bakulini, na jambo hilo lilikuwa halijamtoka rohoni. Kwa hiyo akasema hakuna kuandika kwenye ubao wake kitu ambacho mtu hakukimaliza. Kila aliyeandika ilimbidi amsomee kwa sauti, kisha Mama Kadzo alimtazama machoni na kuuliza, "Umekimaliza?" Ukisita, alifuta kwa kiganja chake mwenyewe, na kiganja hicho kilikuwa na unga.

Basi ubao ukagawanyika: Sikiliza, Soma, Tazama, Kula. Fundi wa viatu aliandika chini ya Tazama picha ya Kihindi aliyoiona mjini mara tatu, akaonya watu waende na leso. Dereva wa lori la maziwa wa Mariakani, aliyepita kila Alhamisi, aliandika chini ya Kula kwamba chai ipikwe kwa maziwa matupu bila tone la maji, na mjadala wa jambo hilo ulidumu siku mbili, kwa sababu wenye maziwa walikuwa wachache na wenye maoni walikuwa wengi. Mama Kadzo naye aliagiza yake iandikwe: sima ya unga wa manjano na mutsunga, mboga ile chungu ya porini. Unga wa manjano ulikuwa wa msaada, umeletwa kwa meli tangu ukame wa mwaka uliotangulia, na watu waliuona kuwa aibu, wanaununua wakiuficha chini ya kapu. Mtu mmoja akamwambia, "Mama, hicho ni chakula cha kuku wa Ulaya." Mama Kadzo akaendelea kusonga. "Mimi nimekimaliza," akasema. "We uliyemaliza cha maana andika chako." Hakuandika. Nilimpenda mama yule siku hiyo, na nilianza kuelewa kwamba ubao ule haukuwa mchezo. Ulikuwa mahali ambapo mtu wa Kisumu Ndogo aliweza kusema hadharani kwamba hiki ni kizuri, nakijua, na asiombe ruhusa ya mtu.

Safu ya Soma ndiyo iliyokaa tupu. Karani mmoja aliandika kwamba watu wasome barua za wasomaji katika gazeti, baada ya hapo kimya. Nilikuwa naitazama kila asubuhi nikinywa uji, kwa sababu nilikuwa na cha kuandika na sikuthubutu. Chumba cha vitambaa cha hoteli kilikuwa na rafu ambako viliwekwa vitu vilivyosahauliwa na wageni: miwani, kofia, kanda, vitabu, kila kimoja na karatasi yenye namba ya chumba kwa mwandiko mzuri wa Bwana Salim, msimamizi wa vyumba. Amri ya mwenye hoteli ilikuwa visiguswe, na anayevigusa ni mwizi. Pasi zetu zilikuwa kuukuu, zikipoa haraka na kupata moto polepole, na mtu anayesubiri pasi ana dakika ambazo hazina kazi. Katika dakika hizo nilikichukua kitabu chenye jalada la buluu, nikakisoma nimesimama, kurasa mbili, nikakirudisha. Pasi ikipoa tena, kurasa mbili nyingine. Sikukitoa nje ya chumba kile hata siku moja, wala sikukunja ukurasa. Nilikumbuka namba kichwani.

Kilikuwa hadithi ya mwanamke anayetunza kituo kidogo cha reli katika nchi ya theluji. Mumewe amekufa, njia ya reli imeharibika na hakuna gari linalopita tena, lakini hakuna aliyemwandikia aache kazi, basi kila jioni anafagia theluji jukwaani na kuwasha taa. Hayo tu. Sehemu nyingine sikuzielewa, Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, nikazirudia mpaka zikakubali. Kuna ukurasa anachemsha viazi viwili na kuviweka mifukoni ili vimpashe mikono moto akiwa kazini, kisha anavila. Nilipoufikia nilisahau pasi, nikaunguza foronya. Nililia, na sikulia kwa ajili ya foronya. Kabla ya kitabu kile nilidhani kuwa mtu wa chini ni kungoja kuambiwa. Yule mwanamke hakungoja mtu, na hakuna aliyemshukuru, na aliendelea. Nilihisi nimeandikiwa mimi, mtu ambaye aliyekiandika asingeweza hata kumfikiria.

Nilikimaliza siku ya Jumanne, na Jumatano asubuhi niliichukua chaki kwa Mama Kadzo. Chini ya Soma niliandika: kitabu cha mwanamke wa kituo cha reli, cha Kiingereza, jalada la buluu. Utasikia baridi mpaka magotini, halafu utaona kipupwe chetu ni mchezo. Sikutia jina. Nilimsomea Mama Kadzo, akaniuliza kama nimekimaliza, nikasema nimekimaliza, mpaka neno la mwisho, nikamsimulia na ule ukurasa wa viazi. Akataka kujua kama yule mama alikula vile viazi kwa chumvi. Nilisema kitabu hakikueleza. "Hapo pana kasoro," akasema, lakini aliuacha mstari wangu. Mkahawa mzima ulinitazama upya. Fundi wa viatu akaniuliza kitabu chenyewe kinapatikana wapi, na hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kilikuwa kimoja tu Malindi nzima, na rafu kilipokaa ilijulikana.

Bwana Salim hakuwa na mazoea ya kufika Kisumu Ndogo. Alikuwa mtu wa Shela, mji wa kale wa Malindi, kanzu yake nyeupe kila siku, na alisema Kiswahili ambacho sisi wa bara tukikisikia tulinyoosha mgongo. Siku ya Ijumaa, kabla ya swala, alikuja kumtafuta Karisa kuhusu ufunguo wa pampu, akakaribishwa uji, akakaa. Akausoma ubao wote taratibu, akatabasamu kwenye taarabu, akafika kwenye Soma. Niliona kikombe kikisimama njiani. Karatasi ya kitabu kile aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakunitazama. Alimaliza uji, akamshukuru Mama Kadzo kwa heshima, akaondoka.

Jumamosi aliniita chumba cha vitambaa. "Shikamoo, Bwana Salim," nikasema. "Marahaba, binti. Keti." Hapakuwa na kiti, tukasimama wote wawili. Kitabu kilikuwa mahali pake, na ni yeye aliyeniambia hivyo kabla sijajitetea. "Najua hukukitoa," akasema. "Nimekikagua. Lakini mwenye hoteli anarejea Jumatatu kufungua msimu, na watu wana midomo. Akisikia kwamba kuna kijakazi anayesoma vitu vya wageni, hataniuliza mara mbili. Nenda ukaufute ule mstari. Ukiulizwa, sema ulisimuliwa na mgeni mmoja, nawe ukaandika tu. Funika kombe mwanaharamu apite." Nilimuuliza kwa nini niseme nimesimuliwa na mimi nimesoma. Alishangaa, na sitausahau mshangao wake, kwa sababu haukuwa na ubaya wowote. "Kwani wewe itakupunguzia nini?" akasema. "Kitabu kile si cha watu wa kufua, Mwikali. Hakuna atakayeshangaa ukisema hukukisoma."

Nimeishi na maneno hayo miaka arobaini. Watoto wangu wanaponiambia kwamba alikuwa akinikinga, nawajibu kwamba najua, hilo ndilo nililokataa. Mtu akikutukana unajua pa kusimama. Huyu alinishika mkono kwa huruma ili aniongoze kule kwa watu wasiosoma, na alitaka nimshukuru kwa safari hiyo. Pengine kijana mwingine angefuta. Kazi ilikuwa adimu, na wengine wanne tu walikuwa wangali wamebaki nami na Karisa, wote wakiomba Mungu msimu ufunguliwe. Sikuwa na akiba wala ndugu mjini. Yote hayo niliyajua wakati namjibu. Nilimwambia, "Bwana Salim, kule kwa Mama Kadzo haiandikwi kitu ambacho mtu hakukimaliza. Nikisema nimesimuliwa, nitakuwa nimewadanganya wote." Akavuta pumzi, akaniambia nifikiri mpaka kesho asubuhi, na kwamba atapita mwenyewe kuangalia.

Jioni ile Karisa aliningoja langoni. Alikuwa ameogopa kuliko mimi, kwa sababu kanda ile ya taarabu aliyoipendekeza nayo ilitoka rafu ileile, ameisikiliza chumba namba tisa akisingizia kuanika godoro. "Dada, mimi wangu nimeshaufuta," akasema. "Nimepitia mchana. Nawe futa. Heri nusu shari kuliko shari kamili." Nilimuuliza wimbo ulikuwaje. Akaanza kunieleza, vidole vyake vikipiga mdundo kwenye mpini wa jembe, namna fidla inavyoingia kabla ya sauti ya bibi anayeimba, namna yule bibi anavyochelewa kwa makusudi. Uso wake ukawa wa mtu mwingine. Kisha akakumbuka alikuwa akisema nini, akaliinua jembe begani. Nilikasirika naye, na nilimhurumia.

Jumapili asubuhi wengi walikuwa kanisani, lakini kwa Mama Kadzo benchi mbili zilikuwa zimejaa. Bwana Salim alikuwa ameketi tayari, kanzu ameikusanya magotini isiguse sakafu. Mahali pa wimbo wa Karisa palikuwa na doa jeupe la vumbi. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, akautazama ubao kisha akanitazama mimi, na nilijua kwamba nikinyanyua mkono na kupangusa mara moja, Jumatatu ningekuwa katika chumba changu cha vitambaa kama kawaida. Sijidai ushujaa ambao sikuwa nao. Niliogopa. Lakini liwalo na liwe. Nikachukua chaki, na chini ya mstari wangu nikaandika polepole, kwa herufi kubwa: nimekisoma chote mwenyewe, nimesimama, chumba cha vitambaa, saa za kazi. Kisha nikaandika jina langu na jina la baba yangu, nikatia na nukta.

"Nisomee," akasema Mama Kadzo kutoka mafigani. Nikasoma kwa sauti, kila neno, hata yale ya saa za kazi. Hakuna aliyetafuna. Bwana Salim aliweka kikombe chini, akasimama, akaja karibu nami mpaka nikasikia harufu ya marashi yake. Hakupandisha sauti. "Kitabu hukuiba, nami nilikuwa tayari kuapa hivyo," akasema. "Lakini sasa umeandika mwenyewe. Umeiba wakati wa hoteli."

"Wakati huo siurudishi, Bwana Salim," nikamwambia.

Nadhani alitaka nicheke, au nilie, apate mlango wa kutokea. "Basi kesho usije," akasema, akainama kutoka chini ya makuti na kwenda zake.

Sikuenda. Kesho yake jua lilitoka, la kwanza baada ya siku tisa, nikasikia gari la mwenye hoteli likipita barabarani na watu wakikimbilia langoni. Nilijifunga leso, nikashuka kwa Mama Kadzo. Alikuwa amempa mtu chaki amwandikie vyakula vya siku, na nafasi ilikuwa haba kwa kuwa maneno yangu yalichukua sehemu kubwa, na mtu yule alikuwa amenyanyua mkono ayapanguse. "Hapo usipaguse," Mama Kadzo alikuwa akimwambia. "Wali uandike ukutani." Nilikuwa na miaka ishirini, sina kazi, sina pa kwenda, na jina langu lilikuwa limeandikwa lote mbele ya watu.